Mwenye Nyumba Ana Haki ya Kujilinda, Kundi Lenye Bunduki Halina

Kila baada ya mauaji, dai moja hurudi Beni na Butembo, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo: serikali imeshindwa, basi itupe silaha tujilinde wenyewe. Lilisikika Oktoba 2014, wauaji walipoingia Ngadi na Eringeti wakakata watu kwa mapanga. Lilisikika Agosti 2016 baada ya Rwangoma, Machi 2023 baada ya Mukondi, Juni 2024 baada ya Masala na Mayikengo, na tena Septemba 2025, pale watu zaidi ya 60 walipouawa kijijini Ntoyo, wilaya ya Lubero, wakiwa wamekusanyika matangani. Mjini Butembo dai hilo lina sura nyingine. Huko anayevamiwa usiku ni mfanyabiashara, mbadilisha fedha au muuzaji wa huduma za fedha kwa simu, na wanaomvamia huja na bunduki, wengine wamevaa sare, kiasi kwamba mwenye nyumba hajui kama anayegonga ni askari au jambazi. Anayetoa dai hilo hastahili kuitwa mchochezi. Amezika ndugu, amelaza watoto porini kwa hofu ya kulala nyumbani, amepiga simu kwa wakubwa usiku na kuona wanafika kumekucha kuhesabu maiti. Mtu wa namna hiyo anadai jibu, na jibu lenyewe lisiwe la kumtaka awe mvumilivu tu.

Jibu langu lina pande mbili zisizotengana. Mtu aliyevunjiwa mlango usiku ana haki ya kumzuia mvamizi kwa chochote alichonacho mkononi, liwe panga, rungu au mchi wa kinu, hata kama mvamizi atapoteza maisha, na sheria ya Kongo ina deni la kuliandika jambo hilo waziwazi. Lakini haki hiyo ni ya mwenye nyumba, mlangoni pake, kwa muda ambao hatari iko mbele yake. Haiwezi kukabidhiwa kundi la vijana wenye bunduki wanaozunguka wilaya nzima kwa jina la ulinzi. Kwa miaka mingi tumeyachanganya mambo haya mawili, na mchanganyiko huo umegharimu roho za watu katika ardhi yetu hii hii ya Beni, Butembo na Lubero.

Tuanze na sheria, maana huko ndiko uchungu wa mwananchi unakopata haki yake au kunyimwa. Katiba ya 2006 inasema katika kifungu cha 16 kwamba utu wa binadamu ni mtakatifu, na katika kifungu cha 29 kwamba nyumba ya mtu haiingiliwi. Kifungu cha 52 kinawapa Wakongo wote haki ya amani na usalama. Hayo ni maneno mazito. Hata hivyo Kanuni ya Adhabu tunayoitumia hadi leo, ambayo msingi wake ni amri ya kikoloni ya 30 Januari 1940, haina kifungu kinachoeleza ni lini mtu anayejilinda hana hatia. Majaji wanaitambua haki hiyo kama kanuni ya jumla ya sheria: shambulio liwe la kweli na liwe linatokea wakati huohuo au liko karibu kutokea, lisiwe na uhalali, na nguvu ya kujilinda ilingane na hatari. Mwanasheria aliyesoma Chuo Kikuu cha Graben au Kinshasa anayajua masharti hayo. Mkulima wa Oicha hayajui, wala askari polisi anayemkamata hayajui, na kati ya kukamatwa kwake na siku jaji atakapoyakumbuka zinaweza kupita wiki nyingi gerezani. Silaha ya moto nayo ina sheria yake, ile ya Septemba 1985, inayodai kibali, na mtu akikutwa na silaha ya vita anapelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi ingawa ni raia. Matokeo yake ni kwamba mwananchi mwaminifu anaogopa hata panga lake mwenyewe, na asiye mwaminifu haogopi chochote.

Katiba hiyohiyo ina kifungu cha 190. Kinakataza mtu yeyote kuunda jeshi, kundi la aina ya jeshi au wanamgambo wa binafsi, au kulea vijana wenye silaha, na anayekiuka anahesabiwa kuwa msaliti mkuu wa taifa. Wapo wanaokisoma kifungu hicho kama ukatili: serikali isiyotulinda inatukataza pia kujilinda. Mimi nakisoma kinyume. Waliokiandika walikuwa wametoka katika vita vya 1996 hadi 2003, ambamo karibu kila kundi lililoua raia mashariki mwa nchi lilianza kwa kusema linawalinda raia. Walijua kuwa mtu anayepigana mlangoni pake ana kipimo ndani ya tendo lenyewe. Adui yuko mbele yake, watoto wako nyuma yake, na adui akikimbia vita vimekwisha, mwenye nyumba anarudi ndani. Kundi halina kipimo hicho. Likishaundwa linahitaji chakula, risasi, mkubwa wa kulisemea na adui wa kesho. Hatari ikipungua, kundi halipungui. Linatafuta kazi nyingine.

Ushahidi wa jambo hili hauko mbali. Usiku wa kuamkia 7 Januari 2016, kijiji cha Miriki, kusini mwa Lubero, kilivamiwa na raia zaidi ya kumi wakauawa. Lawama zikaelekezwa kwa FDLR, waasi wa Kihutu kutoka Rwanda. Hasira ya Wanande, wenyeji wa Lubero, ilikuwa ya haki kabisa. Kundi la Mai-Mai Mazembe, lililojitambulisha kama walinzi wa watu wasio na hatia, likazidi kupata nguvu na vijana. Mwezi Novemba mwaka huohuo wapiganaji wa kundi hilo walivamia Luhanga, karibu na mpaka wa Lubero na Walikale, mahali ambapo raia wa Kihutu waliokimbia makwao walikuwa wamejihifadhi, wakaua zaidi ya 30, wakiwemo wanawake na watoto. Waliouawa Luhanga hawakuwa wameua mtu Miriki. Walikuwa wamelala mahali pao, nao wakavunjiwa milango. Nani hapo alikuwa mwenye nyumba, na nani mvamizi? Miezi kumi na moja ilitosha kugeuza ulinzi wa nyumba moja kuwa uvunjaji wa nyumba nyingine, na kila aliyetoa mchango, mwana au baraka kwa kundi hilo alidhani anatetea mji wake.

Kuna mzigo mwingine usiotajwa sana kwa sababu hauna damu nyingi. Katika maeneo mengi ya Kivu Kaskazini, makundi yanayojiita ya kujilinda yamewatoza wakulima pesa ya lala salama, pamoja na malipo kwenye vizuizi vya barabarani, siku za soko na wakati wa mavuno. Mkulima asiyelipa anapigwa au anafungiwa shimoni. Huyo ni mtu aliyeombwa kwanza amlishe mlinzi wake kwa hiari, kisha akalazimishwa, na mwisho akawa anamwogopa mlinzi kama alivyomwogopa adui. Butembo nayo inakumbuka mwanzo wa 2019, katikati ya janga la Ebola, vituo vya matibabu vya Katwa na vya mjini vilipovamiwa na watu wenye silaha, na Aprili 19 daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja kututibu, akapigwa risasi hospitalini. Mahali ambapo bunduki zimezagaa kwa kisingizio cha kulinda wenyeji, uvumi wowote hupata mtu wa kuufyatulia risasi.

Tuje sasa kwenye swali la vita lenyewe, kwa sababu watetezi wa silaha wana hoja wanayoiona haijibiki: kama kila nyumba ya Mbau au Mavivi ingekuwa na bunduki, ADF wangethubutu kuja? Kundi hilo lenye asili ya Uganda limekuwa katika misitu ya Beni tangu katikati ya miaka ya 1990, na namna yake ya kuua inajulikana. Mara nyingi huja jioni au usiku, kwa vikundi vidogo, hutumia panga ili majirani wasisikie, hukamata watu wa kubeba mizigo na watoto wa kulea porini, na huondoka kabla jeshi halijafika. Wengi wa wanaouawa hawakutwi sebuleni. Wanakutwa shambani, kwenye kakao, kwenye kibanda cha kulala wakati wa mavuno, njiani kurudi na mzigo mgongoni. Mtu anayevuna kakao hawezi kushika bunduki kwa mikono miwili inayovuna. Na tukumbuke Desemba 2017 huko Semuliki. Kambi ya Umoja wa Mataifa, yenye magari ya kivita na redio, ilishambuliwa kwa saa nyingi, na askari wa Tanzania wasiopungua 14 wakauawa. Kama wanajeshi waliofundishwa na kujengewa ngome walizidiwa namna hiyo, bunduki moja chini ya kitanda cha mkulima ingefanya nini, zaidi ya kumwambia muasi ni nyumba ipi ina silaha ya kuchukua? Waasi wetu wamejipatia sehemu kubwa ya silaha zao kwa kuwanyang'anya waliokuwa nazo. Bunduki elfu moja zilizotawanywa vijijini bila ngome wala kamandi ni ghala lisilo na mlinzi.

Linafuata tatizo la kumtambua adui, na hili linanisumbua kuliko yote. Mwishoni mwa Oktoba 2014, mji wa Beni ukiwa bado na maombolezo, abiria wa basi walimshuku kijana mmoja kwa sababu hakuzungumza Kiswahili na alikuwa na panga. Umati ulimpiga mawe hadi akafa, ukachoma mwili wake. Hakuna mahakama iliyomsikiliza. Huenda alikuwa muuaji. Huenda alikuwa kibarua wa kuokoteza kazi mashambani, na nani katika wilaya ya Beni hasafiri na panga? Hofu ilimhukumu. Ukiipa hofu hiyo bunduki, haitahitaji umati tena. Itahitaji kijana mmoja kwenye kizuizi, saa mbili usiku, anayeamua kwa lafudhi ya mtu. Na tusijidanganye kuwa wauaji wote ni wageni. Utafiti wa Kikundi cha Utafiti kuhusu Kongo cha Chuo Kikuu cha New York, uliotolewa Machi 2016, ulieleza kwamba katika mauaji ya Beni ya miaka ile hawakuhusika ADF peke yao. Ulitaja pia mitandao ya wapiganaji wa zamani wa hapahapa na baadhi ya maofisa wa jeshi. Anayeomba vijana wa kijiji wapewe bunduki aseme kwanza atajuaje bunduki hizo zitaishia mikononi mwa nani.

Wengine watajibu kwamba dola lenyewe limekwisha kuamua. Novemba 2022 Rais Tshisekedi aliwataka vijana wajipange katika vikundi vya uangalizi dhidi ya waasi wa M23, na Mei 2023 ikatoka sheria ya kuunda jeshi la akiba la ulinzi. Leo Wazalendo, kama wapiganaji hao wanavyoitwa, wako kila mahali, na wengi wao wamekufa vitani kwa ajili ya nchi. Sidharau damu yao. Lakini sheria ya jeshi la akiba, ukiisoma kwa nia njema, inakubaliana na hoja yangu: anayebeba silaha kwa niaba ya wengine awe ameandikishwa, anajulikana kwa jina na namba, ana mkubwa anayewajibika kwa makosa yake, analipwa na hazina ya umma wala hatafuti mshahara kwenye kizuizi. Kilichotokea ni kwamba makundi ya zamani yalibadili jina tu, yakabaki na makamanda wao, vizuizi vyao na mahakama zao za porini. Zaidi ya hayo, mstari wa mbele wa vita haufanani na mlango wa nyumba ya mjane wa Bulongo. Kumpa silaha mtu apigane na jeshi la adui ni uamuzi wa vita. Kumwacha arudi nayo mtaani, alale nayo na anywe pombe akiwa nayo, ni uamuzi mwingine ambao hakuna bunge lililoupitisha.

Hoja nzito zaidi inatoka kwa majirani. Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, walianza kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakiwa na pinde, mishale na filimbi, wakapunguza wizi wa ng'ombe ambao polisi wa Tanzania walishindwa kuuzuia, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Huko Teso, Uganda, vijana walioitwa Arrow Boys walipewa silaha mwaka 2003 wakasaidia kuwafukuza waasi wa LRA. Kwa nini isiwe hivyo hapa? Kwanza, sungusungu walikuwa watu wa kijiji kimoja wanaojuana kwa ukoo, silaha yao haikuweza kuua watu thelathini kwa usiku mmoja, na hata hivyo walilaumiwa kwa kupiga na kutesa watuhumiwa. Pili, Teso ilikuwa na serikali iliyotoa bunduki hizo yenyewe, chini ya jeshi lake, na iliyokuwa na uwezo wa kuzidai. Wenzao wenye jina hilohilo wa Equatoria Magharibi, Sudan Kusini, walianza vilevile dhidi ya LRA, na ilipofika 2015 baadhi yao walikuwa wamegeuka waasi. Kinachotofautisha hadithi hizi mbili hakimo mioyoni mwa vijana. Kimo katika dola lililo nyuma yao. Kongo ya mashariki ina makundi yenye silaha zaidi ya mia moja; hatuna sababu ya kuamini kwamba kundi la mia moja na moja ndilo litakalorudisha bunduki ghalani.

Najua jibu litakalokuja: basi unatuambia tufe tukisubiri. Hapana. Ninachosema ni kwamba nguvu ya kijiji iko katika kujua mapema na kufikiwa haraka, na huko ndiko tuwekeze hasira yetu. Nyumba kumi zinazojuana, zamu za usiku zenye filimbi, sufuria za kugongwa, simu zenye chaji na namba moja ya kambi iliyo karibu, haya ni mambo yanayofanyika tayari katika mitaa mingi, na yanaokoa watu kwa sababu aliyesikia kelele mapema anakimbia na watoto. Udhaifu uko upande wa pili wa simu. Taarifa za watu wageni walioonekana msituni hutolewa, na mara nyingi haziwasogezi askari. Kwa hiyo tudai daftari la wazi: taarifa imepokelewa saa ngapi, na nani, askari wameondoka saa ngapi, wamefika saa ngapi. Ofisa aliyepokea taarifa akabaki kambini ajibu mbele ya mahakama. Hilo linawezekana, kwani Novemba 2014 mahakama ya kijeshi iliwatia hatiani maofisa wa jeshi hapahapa Beni kwa kuhusika na kifo cha Kanali Mamadou Ndala. Kama sheria iliweza kuwafikia waliomsaliti kanali, iweze kuwafikia wanaowasaliti wakulima.

Tudai pia magereza yanayofunga. Kangbayi ya Beni ilipoteza wafungwa zaidi ya 900 Juni 2017, kisha zaidi ya 1,300 Oktoba 2020. Kakwangura ya Butembo ikavunjwa Agosti 2022, wakatoroka zaidi ya 800. Mtu aliyemkamata jambazi kwa mikono yake, akamfikisha polisi bila kumgusa, kisha akakutana naye sokoni, amefundishwa na dola lenyewe kwamba njia ya uhakika ni kumchoma moto. Wanaohubiri dhidi ya hukumu ya umati bila kuzungumzia kuta za magereza wanawaonea wananchi.

Na tudai kifungu cha sheria. Kiseme kwamba anayemzuia kwa nguvu mtu aliyevunja au anayejaribu kuvunja nyumba inayokaliwa, usiku, au kwa silaha wakati wowote, anahesabiwa kuwa amejilinda kihalali mpaka mwendesha mashtaka athibitishe vinginevyo. Kiseme kwamba haki hiyo inakwisha mvamizi anapokimbia, anapoanguka au anapojisalimisha, ili kusiwe na mwanya wa kumfuata mtu hadi kijiji cha jirani. Kiseme kwamba kesi ya aliyejilinda isikilizwe na hakimu wa kiraia, mwenyewe akiwa nje kwa dhamana, na kwamba askari anayeingia nyumba ya raia usiku bila kujitambulisha na bila hati anabeba mwenyewe hatari ya kutojulikana. Wabunge wa Butembo, Beni na Lubero hawahitaji jeshi wala wafadhili kuandika mistari hiyo. Tangu Goma, makao makuu ya jimbo, ilipotekwa na M23 Januari 2025, utawala wa jimbo umehamia Beni, na gavana wa kijeshi anafanya kazi katika mji ambao wakazi wake wamevunjiwa milango kwa zaidi ya miaka kumi. Wamwombe kwanza lile daftari la saa za kufika, la mwezi uliopita, kijiji kwa kijiji.